Shusha Huo Mnara wa Spesa

Wasee wa baiskeli wa Eastlands, leo nitawakosea heshima kidogo na mtavumilia. Hizo pete mmepanga chini ya stemu kama sahani za kibanda cha chapati zitaumiza mtu. Nimeziona Buruburu, nimeziona Umoja, nimeziona Donholm. Msafara ukishuka Jogoo Road kuenda tao mimi hukaa nyuma nikihesabu: sita, saba, na kuna jamaa alikuwa nazo tisa, rangi tofauti tofauti kama bangili. Yeye anaita mtindo. Mimi naita deni, na mwenye kulilipa ni shingo ya foki.

Kwanza tuelewane majina, ndio hata yule alinunua baiskeli juzi asiachwe nyuma. Foki ni ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Juu ya miguu hiyo kuna bomba moja linalopanda ndani ya fremu, linapita kwa beringi ya chini na ya juu, halafu linatokeza nje. Hilo bomba ndilo naliita shingo ya foki. Stemu ni kile kipande kinachobana hiyo shingo upande mmoja na kushika usukani upande wa pili. Spesa ni zile pete zinazokaa kati ya beringi ya juu na stemu. Ukiongeza spesa, stemu inapanda, na usukani unapanda nayo. Mgongo unapata raha. Shingo inapata kazi.

Na najua venye hii maneno huanza. Unaenda kununua baiskeli ya mtumba, imeshuka kwa kontena kutoka Uingereza. Fremu ni nyepesi, rangi imekubali, bei inaongeleka. Shida moja tu: ni ya mbio, na iliundwa kwa mtu mfupi kuliko wewe. Ukiikalia umeinama kama mtu anatafuta shilingi imeanguka. Muuzaji anakuangalia, anajua unaipenda, anakuambia, "Bosi wangu, hiyo si shida, tutaongeza spesa mbili tatu, itakaa kama yako." Hapo ndipo mimi hukasirika. Kwa sababu hiyo fremu haijakuwa kubwa. Ni usukani tu umepandishwa ngazi, na ngazi yenyewe hakuna aliyekuuliza inashika wapi.

Hizi pete hazikuwekwa hapo kwa bahati mbaya, na sisemi baiskeli isiwe na spesa hata moja. Ziliwekwa ndio uweze kurekebisha kidogo. Neno ni kidogo. Kila foki ina kikomo chake cha kimo cha spesa, na kikomo hicho huwekwa na aliyeiunda, kwa sababu yeye ndiye aliyeipima hadi ikavunjika. Kwa foki zenye shingo ya kaboni, watengenezaji wengi huweka kikomo kati ya milimita 30 na 40 chini ya stemu. Shika rula uone milimita 40 ni nini: ni upana wa vidole viwili hivi. Sasa rudi uangalie ule mnara wako. Shingo za chuma na alumini kwa kawaida huvumilia zaidi, lakini kuvumilia si kukosa mwisho, nazo pia zina namba kwa karatasi ya aliyeziunda.

Kwa nini kuwe na kikomo? Umewahi kung'oa msumari na nyundo? Ukishika mpini karibu na kichwa, utahangaika hadi jioni. Ukishika mwisho wa mpini, msumari unatoka bila maneno. Nguvu ya mkono ni ile ile, kilichobadilika ni urefu. Sasa usukani wako ndio mpini, na shingo ya foki pale inapotoka kwa beringi ya juu ndio msumari.

Tupige hesabu ya darasa la sita. Tuseme kifuniko cha beringi kina kimo cha milimita 10, na stemu ina kimo cha 40, kwa hivyo katikati yake ni 20. Ukiwa na spesa za milimita 10, katikati ya stemu iko milimita 40 juu ya beringi. Ukiweka spesa za milimita 70, sasa iko 100. Umevuta usukani kwa nguvu ile ile ya jana, lakini shingo inakunjwa mara 2.5 ya jana. Na wewe si mtu wa kuvuta polepole. Wewe unasimama kwa pedali ukipanda daraja, unapiga wili mbele ya madem wa Komarock, unabeba boyi yako mbele, unaruka tuta la Kayole ukidhani ni la michezo. Kila mara hiyo shingo inakunjwa na kurudi, inakunjwa na kurudi.

Msee ataniambia, "Lakini mimi nimeendesha hivi mwaka mzima na haijavunjika." Chukua waya. Ukunje mara moja, hauvunjiki. Mara ya pili, hauvunjiki. Endelea. Utavunjika, na utavunjika kwa mkunjo ambao haukuwa mkubwa kuliko ule wa kwanza. Hivyo ndivyo alumini huchoka. Kuvumilia kwake jana hakukupi ahadi ya kesho, kunakuambia tu kwamba umeshatumia kiasi fulani cha maisha yake. Chuma kina huruma kidogo, mara nyingi hujikunja kabla ya kukatika, unahisi usukani umekaa upande na unashuka. Kaboni haina hiyo adabu. Ina nguvu nyingi ikitumika venye iliundwa, lakini ikizidiwa ama ikiwa na ufa ulioletwa na bolti iliyokazwa kupita kiasi, inaweza kuachilia ghafla, bila kupinda, bila kukupa nafasi ya kuvuta breki.

Na ufa wenyewe hujificha. Huanza chini ya ukingo wa stemu ama pale kwa beringi ya juu, mahali pamefunikwa. Unaweza kuosha baiskeli kila Jumamosi, uipake mafuta, uipige picha, na usiuone hata siku moja hadi uitoe foki.

Kama unadhani natisha watoto, kumbuka George Hincapie, Mmarekani, kwa mbio za Paris-Roubaix mwaka wa 2006. Huyu ni mtu wa timu kubwa ya dunia, ana mafundi wake, ana gari la baiskeli za akiba nyuma yake. Alikuwa ameanguka mapema siku hiyo. Baadaye, akiwa kwa barabara ya mawe, shingo ya foki yake ikakatika, na ilikuwa ya alumini, si kaboni. Akabaki ameshika usukani ambao haujashikana na kitu. Akaanguka, akaumia bega. Sisemi ni spesa zilizomwangusha. Nasema angalia shingo ikikatika kinachofuata ni nini: hakuna kupiga kona, hakuna kujisawazisha, hakuna kuruka kando. Na yeye alianguka kwa barabara iliyofungwa kwa ajili ya mbio. Wewe utaangukia Outer Ring, mbele ya matatu ya Embakasi ambayo dere wake anashindana na mwingine kuchukua watu Taj Mall.

Sasa nije kwa kosa ambalo ni baya kuliko hata kimo chenyewe, na ndilo naliona zaidi mtaani. Baiskeli ya mtumba ilikuwa na mwenyewe. Huyo mwenyewe aliikata shingo ya foki kwa kimo chake yeye. Ikishakatwa imekatwa, hairefuki kwa maombi. Kwa hivyo fundi akiongeza spesa chini ya stemu, shingo haipandi nazo. Stemu ndiyo inapanda na kuacha shingo chini. Kwa nje inakaa sawa kabisa. Ndani, bolti ya juu ya stemu inabana hewa, na ile ya chini pekee ndio inashika kitu. Baiskeli nzima, na wewe juu yake, mnaning'inia kwa bolti moja ndogo.

Halafu fundi anakaza ile bolti ya juu ya kifuniko na kukuambia, "Imeshika." Budaa, hiyo bolti ya kifuniko haishiki stemu. Kazi yake ni kuondoa uchezaji kwa beringi, basi. Kinachoshika stemu ni zile bolti mbili za ubavuni, na zinahitaji shingo iwe ndani yao zote mbili. Kama huna spesa juu ya stemu, shingo inafaa ikomee milimita 2 ama 3 tu chini ya ukingo wa juu wa stemu. Kwa kaboni, watengenezaji wengi hupenda uweke spesa moja nyembamba juu ya stemu, ndio ubanaji wote uwe umeshika bomba lenyewe.

Kuna wengine wamekaa pale wanacheka wakisema, "Mimi sina spesa, yangu ni stemu ya zamani ya kuingia ndani." Nakuja kwako. Hiyo stemu yako imechorwa kamstari ubavuni, pengine na maandishi madogo. Si urembo. Huo mstari unafaa uwe umezama usionekane. Viwango vya kimataifa vya baiskeli, ISO 4210, vinataka huo mstari ukae angalau mara 2.5 ya unene wa stemu kutoka mwisho wake wa chini. Stemu nyingi za aina hiyo zina unene wa milimita 22.2, kwa hivyo ni kama milimita 55 ambazo lazima ziwe ndani. Ukiona mstari ukiwa umekaa kwa kiti, umeshazidisha. Wewe na jamaa wa spesa tisa mko chama kimoja, ni kadi tu tofauti.

Hapa huwa natupiwa Black Mamba. "Guka aliendesha Black Mamba yenye usukani juu miaka thelathini, akabeba viazi na nyanya na shosho, haikuvunjika." Ni kweli, na ndiyo sababu bora ya kushusha huo mnara. Angalia Black Mamba vizuri. Kimo chake kinatoka kwa fremu, ile sehemu ya mbele ni ndefu tangu kiwandani. Kingine kinatoka kwa usukani wenyewe, uliokunjwa kupanda na kurudi kwa mwendeshaji. Na yote ni chuma kizito. Walioiunda walijua mzee atakaa wima na kubeba gunia, wakaiundia hiyo kazi. Yako iliundiwa mtu anayeinama na kubeba chupa moja ya maji. Ukitaka kukaa kama guka, tafuta baiskeli ya kukaa kama guka. Haina aibu. Guka alifika.

Hoja ya pili naiheshimu zaidi, kwa sababu nimekulia huku: doo. "Hayo mambo ya vikomo ni ya watu wa Karen, sisi tunanunua kile kipo." Naelewa. Foki mpya ya kaboni inaweza kumaliza kodi ya bedsitter ya miezi kadhaa. Lakini fikiria vizuri nani hasa hawezi kumudu hii ajali. Mtu wa Karen akivunja mkono, ana bima na ana gari la pili. Kijana wa Dandora anayepeleka oda za chakula na baiskeli akivunja mkono, nyumba nzima inalala njaa hiyo wiki. Umaskini hauongezi kikomo cha shingo ya foki hata kwa milimita moja. Ni sisi ndio tunafaa kuwa wakali zaidi na hizi namba, kwa sababu hatuna nafasi ya kuanguka mara mbili.

Na dawa nyingi hazina bei ya kutisha. Ya kwanza ni bure: geuza stemu. Stemu nyingi zina pembe, na mtumba wa mbio huja ikiwa imeelekezwa chini. Ifungue, igeuze iangalie juu. Stemu ya milimita 100 yenye pembe ya digrii 6 ikigeuzwa, usukani unapanda karibu milimita 20 bila kuongeza hata spesa moja. Hiyo ni pete mbili za kawaida umezipata kwa dakika kumi na allen key ya jirani.

Ya pili, tafuta stemu yenye pembe kubwa zaidi, ama usukani uliokunjwa kupanda. Gikomba zipo, kwa mafundi wa vipuri vya mtumba zipo. Haitafuta nguvu zote zinazokunja shingo, kwa sababu mikono yako bado itakuwa juu. Lakini stemu itabaki pale aliyeiunda foki aliruhusu ikae, na shingo haitaachwa ikisimama uchi nje ya fremu. Ya tatu, kama shingo ni ndefu na hujaikata, hamisha spesa ziende juu ya stemu. Zitakaa vibaya kwa picha. Acha zikae vibaya.

Ya nne, na hapa ndipo watu hununa: rudisha hiyo fremu, ama badilishana na mtu mfupi. Kama bila mnara huwezi kuiendesha, hiyo baiskeli si yako. Ni ya mtu mwingine umeivaa kama viatu vya kakako. Na kile kibomba cha kuongezea shingo kinachouzwa mtandaoni, kile kinachofungwa juu ya shingo iliyokatwa ndio stemu ipande, usikiweke kwa kaboni hata ukipewa bure na soda.

Kwa mafundi wetu, na hapa nasema kwa adabu kwa sababu ninyi ndio mnatuweka barabarani: hii si vita yenu na mimi. Najua mteja ndiye anayeng'ang'ana. Anakuja na picha ya TikTok, anataka ikae hivyo, na ukikataa ataenda kwa fundi wa kona ile nyingine. Lakini fundi ni mtu wa kusema hapana. Fundi wa umeme akikuambia huo waya hauwezi kubeba jiko, unamheshimu. Kule Kikuyu, David Kinjah na Safari Simbaz wake wamefundisha vijana kuendesha na kutengeneza baiskeli kwa miaka mingi, na ni Kinjah huyo aliyemkuza Chris Froome kabla dunia haijamjua. Ujuzi uko nchini, haujafungiwa Ulaya. Kinachokosekana kibandani ni rula na ujasiri. Na kama unashika kaboni, tafuta ile spana inayopima nguvu ya kukaza. Stemu nyingi zimeandikwa Nm 5 pale karibu na bolti, na mkono wa mtu aliyezoea kukaza nduthi hupita hapo kabla hajaanza kutoa jasho.

Kwa wauzaji sina adabu sana. Gari la mtumba likiingia Kenya linatakiwa liwe halijapita miaka 8, na likaguliwe kabla halijapakiwa melini. Foki ya kaboni unayomuuzia mtoto wa miaka 16 haina logbook, haina mtu wa kumwambia iliundwa mwaka gani wala iligongwa mara ngapi. Wewe ndiye mtu wa mwisho anayeweza kuongea. Na unajua. Unajua shingo ni ya nini, kwa sababu bei unayoitaja hupanda ukisema "kaboni". Kama unaijua kaboni wakati wa kutaja bei, ijue pia wakati wa kuongeza spesa.

Kwa hivyo wewe unayeenda kununua wikendi hii, uliza maneno manne kabla ya kutoa simu kulipa. Shingo ni ya chuma, alumini ama kaboni? Sumaku ikiishika ni chuma, na kama haiishiki, mwambie aitoe foki uone. Imetokeza kiasi gani juu ya beringi, kwa rula, si kwa macho? Ndani ya stemu imefika wapi? Fungua kifuniko, angalia na taa ya simu, si kazi ya daktari. Na mwisho, aliyeiunda anasema spesa zisizidi ngapi? Jina la foki liko ubavuni, namba mara nyingi iko kwa mwongozo mtandaoni. Ukikosa namba kabisa na shingo ni kaboni, kaa chini ya milimita 30, ama uiache.

Na wewe ambaye tayari una mnara: leo jioni, kabla hujatoka na wasee, toa stemu, pangusa shingo na kitambaa, angalia kama kuna mstari wa ufa pale stemu ilikuwa inabana na pale kwa beringi. Ukisikia mlio wa kukwaruza ukivuta usukani, usiuzime na grisi, utafute. Halafu zitoe hizo pete hadi ufike kwa namba. Zilizobaki mpe mdogo wako achezee. Zile tisa za rangi zitatosha bangili za mkono mzima.